Fidla Ambazo Hazikuwapo: Sauti ya Albamu ya Kwanza ya King Crimson

SWALI: Nimeisikiliza mara nne albamu In the Court of the Crimson King ya bendi ya Uingereza King Crimson, kwa sababu kila anayezungumzia roki ya progresivu, yaani roki inayochanganywa na jazi na muziki wa okestra, huanzia hapo. Wimbo wa kwanza ni fujo, wa pili ni mpole kama bembelezo, wa nne unapotea katikati na siuelewi hata kidogo. Lakini kuna zile fidla za wimbo wa tatu, Epitaph, na za wimbo wa mwisho, The Court of the Crimson King. Zinanitoa machozi wala sijui kwa nini. Sauti hii ilitoka wapi? Walichota kwa nani? Na je, nina kosa nikiuruka wimbo wa nne?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hizo fidla, maana hapo ndipo ulipoushika moyo wa albamu bila kujua. Fidla hazimo. Waliorekodi ni watu wanne tu wenye ala, na wa tano alikuwa mtunzi wa mashairi. Kinachokuliza ni mashine, na ukiijua inavyofanya kazi utaelewa kwa nini inaliza kuliko hata fidla za kweli.

Mashine hiyo inaitwa Mellotron. Kwa nje ni kinanda kilichojengwa kama kabati zito la mbao. Kwa ndani, chini ya kila kibao cha kinanda pana kipande cha utepe wa sumaku, uleule wa kurekodia sauti. Katika utepe huo kuna noti moja iliyorekodiwa zamani: mtu aliketi mbele ya maikrofoni, akaivuta noti hiyo kwa fidla mpaka mwisho, kisha akaenda kwenye noti inayofuata. Ukibonyeza kibao, utepe unakandamizwa kwenye kichwa cha kusomea, gurudumu linauvuta, na noti ile inasikika tena. Utepe una sekunde kama nane hivi. Zikiisha, sauti inakatika, uachie kibao springi iurudishe utepe mwanzo ndipo uanze upya. Mellotron Mark II, aina waliyoitumia King Crimson, ina vibao 70 vilivyogawanywa katika safu mbili za 35. Wazo lenyewe lilianzia kwa Mmarekani Harry Chamberlin. Kiwanda kimoja cha Birmingham, Uingereza, kikalichukua na kulitengeneza upya mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa fikiria ukibonyeza vibao sita kwa pamoja. Ni tepe sita, kila moja na mkwaruzo wake na kasi iliyozidi au kupungua kidogo, na mota moja inazivuta zote. Mota inaelemewa. Sauti inapinda kidogo, inatetemeka, kama mtu anayejikaza asilie. Kundi la fidla lililo hai hurekebishana: mmoja akishuka mwenzake humsikia na kumfuata. Tepe hazisikilizani. Kila noti iko peke yake na upungufu wake, na masikio yetu husikia upweke huo hata kama hatuwezi kuutaja. Ongeza hizo sekunde nane. Mpigaji hawezi kuushikilia mkusanyo wa noti milele. Lazima anyanyue vidole na kuushusha upya mahali pengine. Kwa hiyo muziki wote wa Epitaph unapumua: unajaa, unakatika, unajaa tena. Wengi hudhani mwendo ule mzito ulichaguliwa kwa ajili ya huzuni ya maneno. Sehemu kubwa ni urefu wa utepe.

King Crimson hawakuwa wa kwanza kuitumia. The Beatles walifungua Strawberry Fields Forever kwa filimbi za Mellotron mwaka 1967, na Mike Pinder wa Moody Blues, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda kilekile, aliifanya kuwa sauti ya bendi yake. Lakini kwa wote hao ilikuwa rangi ya kuongezea juu ya wimbo. Katika albamu unayoiuliza imekuwa ukuta. Ian McDonald, mpiga vinanda na ala za kupuliza wa King Crimson, aliirekodi, akairekodi tena juu yake, na tena, mpaka kasoro za tepe zikajumlishana na kuwa kitu kipana kuliko okestra, chenye baridi yake. Na walifanya hivyo kwa kinasa sauti cha njia nane tu, katika studio za Wessex jijini London, kiangazi cha 1969. Walikuwa wameanza na mtayarishaji wa Moody Blues, Tony Clarke, wakaona sauti inaelekea kusiko kwao, wakaachana naye na kuisimamia kazi wenyewe. Bendi iliyokuwa na umri wa miezi michache tu! Mazoezi ya kwanza yalikuwa tarehe 13 Januari 1969, na tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo santuri ikatoka.

Kuhusu walichota kwa nani: ukitafuta aina za muziki utapata orodha ndefu isiyokusaidia. Jazi, muziki wa okestra, nyimbo za kiasili za Kiingereza, saikedelia, vyote vimo. Mimi hupendelea kuwafuata watu, kwa sababu katika bendi hii kila chemchemi ina mtu aliyeibeba.

McDonald alikulia kisanaa katika bendi ya jeshi la Uingereza. Miaka mitano ya jeshini ilimfundisha klarineti, kusoma noti, na hasa kupanga ala: nani apige nini, ala ipi ikae chini ya ipi ili zisizibane. Ndiyo maana ukisikiliza katikati ya Epitaph, pale uimbaji unapokoma na zile ala za kupuliza za sauti nzito zinapotembea polepole kama msafara, unasikia kazi ya mtu anayejua gwaride la mazishi linavyopangwa. Yeye ndiye mwenye muziki wa nyimbo mbili zinazobeba upole na fahari ya albamu, yaani I Talk to the Wind na wimbo wa mwisho. Saksafoni, filimbi, klarineti, vibrafoni (ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa), vinanda vyote, Mellotron: mtu mmoja. Sifa nyingi za albamu hii hupelekwa kwa mpiga gitaa Robert Fripp kwa sababu ndiye aliyebaki na jina la bendi kwa miongo iliyofuata, lakini kwa masikio yangu santuri hii ni ya McDonald kwanza.

Fripp naye ni jambo la pekee. Wapiga gitaa karibu wote wa London wakati ule walitoka kwenye bluzi: noti zinapindwa kwa kidole, kamba inalia kama mwimbaji wa Mississippi. Fripp hakupita njia hiyo. Alifundishwa kwa utaratibu wa kizamani wa kupiga noti moja moja kwa kipigio, mkono wa kulia ukiruka kutoka kamba hadi kamba kwa usahihi, na hata jukwaani alipiga akiwa ameketi. Ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa akijiuliza Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani, angesikika vipi kama angepiga muziki wa Bartók, mtunzi wa Hungaria. Swali hilo ndilo gitaa la wimbo wa kwanza: nguvu ya umeme ya Hendrix, lakini noti zimetoka Ulaya ya Mashariki ya mwanzo wa karne ya 20, zimechongoka, hazitaki kutua nyumbani.

Hapa ndipo ninapoona jambo lililoifanya albamu hii iwe mpya, nalo ni kile kilichoachwa. Bluzi haimo. Miaka ya 1968 na 1969 bluzi ilikuwa msingi wa kila bendi nzito ya Uingereza. Ukiiondoa, nyumba inaanguka. King Crimson waliiondoa wakalazimika kutafuta nguzo nyingine, na kila walichokipata kilitoka mahali ambapo roki haikuwa imezoea kuchota. Ukiisikiliza leo, baada ya bendi mia kupita njia hiyo, huwezi kuisikia nafasi iliyoachwa wazi. Jaribu hivi: sikiliza santuri yoyote nzito ya Kiingereza ya mwaka 1969, kisha rudi hapa. Utahisi kama umetoka nje ya chumba chenye watu wengi.

Nguzo mojawapo ni Gustav Holst, mtunzi wa Kiingereza wa muziki wa okestra. Katika maonyesho ya mwaka 1969, yakiwemo yale ya Hyde Park tarehe 5 Julai walipowatangulia Rolling Stones mbele ya mamia ya maelfu ya watu, walikuwa wakipiga Mars kutoka The Planets, ule mwendo wa vita wa mapigo matano ambao Holst aliutunga mwaka 1914. Haumo katika albamu, lakini kivuli chake kimo. Timpani za Epitaph, zile ngoma kubwa za okestra, zinatoka huko. Namna wimbo wa mwisho unavyoinuka ngazi kwa ngazi, kila kiitikio kikiwa kipana kuliko kilichotangulia, hiyo ni fikra ya mtu aliyezoea kusikia okestra ikikusanya majeshi.

Sasa tuje kwenye ile unayoiita fujo, 21st Century Schizoid Man. Nakuomba uirudie, safari hii ukiwa na jambo moja la kufuatilia. Mwanzo kuna minong'ono hafifu kama upepo, karibu haisikiki, na msikilizaji huongeza sauti. Kisha gitaa, saksafoni na besi vinashuka kwa pamoja, noti zilezile, kama mlango wa chuma unaobamizwa. Greg Lake, mwimbaji na mpiga besi, anaimba kwa sauti iliyopitishwa kwenye umeme mpaka ikakwaruza, kiasi kwamba mtu anasikika kama redio iliyoharibika. Maneno ni ya vita vya Vietnam, napalm imetajwa waziwazi. Hayo yote ni maandalizi. Ikifika sehemu inayoitwa Mirrors, kasi inabadilika, saksafoni inapaa, gitaa linalia, na baadaye kinakuja kipande ambacho mimi huwapigia wanafunzi wangu kabla ya kingine chochote: wote wanne wanapiga mafungu mafupi ya noti za haraka, kwa pamoja kabisa, wananyamaza ghafla, wanapiga tena, wananyamaza. Ule ukimya una makali. Ukifuatilia hapo utagundua kwamba hakuna fujo kabisa. Ni wimbo uliopangwa kwa nidhamu kuliko nyimbo nyingine zote za albamu, na mbinu yenyewe imetoka kwenye bendi kubwa za jazi, ambako safu nzima ya saksafoni hupiga kama mtu mmoja. Fujo ya kweli iko sekunde chache za mwisho tu, wanapoachia kila kitu kianguke, na hata hiyo imewekwa mahali pake.

Bila Michael Giles hayo yasingewezekana. Mpiga ngoma wa kawaida wa roki hushika mpigo, kisha mara moja moja hujaza nafasi. Giles anacheza nafasi zenyewe. Mkono wake ni mwepesi wa kijazi, unagusa ngoma ndogo kwa mapigo madogo ambayo huyasikii mpaka uvae vipokea sauti vya masikioni, na katika nyimbo za polepole anapanga matoazi na ngoma kubwa kama mpiga midundo wa okestra: anaingia maneno yanapohitaji, anatoka. Sikiliza anavyojibu kila mstari katika wimbo wa mwisho. Hakuna mistari miwili inayopewa jibu lilelile.

Kuhusu Lake nina machache. Alikua na Fripp sehemu moja, walifundishwa gitaa na mwalimu mmoja, na alipoingia bendi akahamia besi. Sauti yake ni safi, karibu ya kwaya ya kanisani, na usafi huo ndio unaoifanya Epitaph iumize: maneno ya mtu aliyekata tamaa yanaimbwa na kijana asiye na doa kooni. Mwaka uliofuata alishaondoka kwenda kuanzisha Emerson, Lake & Palmer.

Peter Sinfield alileta maneno, na pia taa za jukwaani. Mashairi yake yamejaa wafalme, wachawi, vikaragosi na manabii waliovunjikiwa. Kuna mahali yamezidi uzito, siwezi kukuficha. Picha inarundikwa juu ya picha mpaka haionekani hata moja. Lakini yalifanya kazi muhimu, kwa sababu yaliwapa wanamuziki mandhari. Ukiambiwa kuna baraza la mfalme, unatafuta tarumbeta na mapazia, hutafuti mpigo wa kuchezea. Na ule uso wa jalada, umeachama kwa hofu, mwekundu na wa buluu, ulichorwa na Barry Godber, kijana aliyekuwa mtaalamu wa programu za kompyuta. Alifariki Februari 1970 akiwa na umri wa miaka 24, miezi minne baada ya santuri kutoka. Kila nikiushika mkononi nalikumbuka hilo.

I Talk to the Wind sitakaa nayo sana. Uliiita bembelezo, na ndivyo ilivyo: filimbi, sauti mbili laini, ngoma inayonong'ona. Kazi yake kubwa iko kwenye mahali ilipowekwa. Kelele ya wimbo wa kwanza ikikatika, filimbi inaanza bila kukupa muda wa kuvuta pumzi, na upole wake unakuwa mara kumi ya ule ambao ungekuwa nao peke yake. Albamu nzima imejengwa kwa tofauti hizo za kubwa na dogo, na bendi nyingi zilizoiga Mellotron zilisahau kuiga hilo.

Sasa Moonchild, ule wimbo wa nne unaouruka. Una haki nusu. Wimbo wenyewe ni dakika mbili na nusu hivi, mzuri sana, Mellotron kwa mbali na Lake akiimba karibu na sikio. Dakika kama kumi zinazofuata ni vibrafoni, gitaa lisilo na mkwaruzo wowote na ngoma, vikizungumza papo kwa papo bila kitu kilichoandikwa. Hakuna mpigo wa kushika, hakuna kiitikio cha kungojea. Jukwaani bendi hii ilikuwa ikifanya hivyo kila usiku. Walichukua hata wimbo Get Thy Bearings wa mwimbaji Donovan na kuifanya uwanja wa kucheza jazi huru. Kwa hiyo Moonchild ni upande wa kweli wa bendi, si kujaza nafasi ya santuri. Lakini naona imerefushwa. Kuna dakika ambapo wanatafutana na hawapatani. Kuna nyingine ambapo Fripp anaupenyeza kidogo ule wimbo wa gari la farasi kutoka mchezo wa muziki Oklahoma!, mwenzake anaitikia, na unawasikia vijana watatu wakifurahia kuwa chumba kimoja. Fripp mwenyewe na mwanamuziki Steven Wilson walipochanganya sauti upya mwaka 2009, toleo la kuadhimisha miaka 40, waliipunguza sehemu hiyo. Uamuzi ule naukubali.

Ila usiuruke kabisa, na sababu ni masikio yako. Baada ya dakika kumi za kunyatia, masikio yamezoea sauti ndogo. Umeinama kusikiliza kama mtu anayetega sikio mlangoni. Hapo ndipo Mellotron ya wimbo wa mwisho inapofunguka. Ukitoka Epitaph moja kwa moja hadi hapo, unapata ukuta juu ya ukuta na wa pili unapoteza ukubwa wake. Moonchild inalipa deni la wimbo unaoufuata.

Wengi huuliza kama hii ndiyo albamu ya kwanza ya roki ya progresivu; mimi husema hapana, halafu nasema swali hilo halina faida kubwa. Bendi ya The Nice walikuwa wameshachukua muziki wa watunzi Bach na Sibelius, Procol Harum walikuwa na kinanda chao cha kikanisa, Moody Blues walifanya kazi na okestra nzima mwaka 1967. Tofauti ni kwamba kwa hao unaweza kuuona mshono: hapa roki, hapa muziki wa okestra. Kwa King Crimson mshono umetoweka. Bendi ya watu wanne inafikiri kama okestra bila kuikodi. Waliokuja mara moja nyuma yao walisikia hivyo. Mpiga ngoma Bill Bruford aliiacha bendi ya Yes mwaka 1972, bendi hiyo ikiwa inapanda, ili ajiunge na Fripp. Na mwaka 2010 rapa Kanye West alichukua kipande cha sauti ya Lake iliyokwaruzwa akakiweka katikati ya wimbo wake Power. Vijana wengi wameisikia King Crimson kwa mara ya kwanza hapo bila kujua ni nani.

Bendi iliyoitengeneza haikudumu. McDonald na Giles waliondoka baada tu ya ziara ya Marekani mwishoni mwa mwaka 1969, na hakuna albamu nyingine ya King Crimson inayosikika kama hii, hata ile iliyofuata ambayo ilijaribu.

Kwa kusikiliza, ukipata toleo la 2009 anza nalo, kwa sababu tabaka za Mellotron zimeachana kidogo na unaweza kuzihesabu. Zima taa. Weka Epitaph, subiri mpaka fidla ziingie, kisha anza kuhesabu polepole tangu mkusanyo mmoja wa noti unapoanza. Kabla hujafika nane utasikia vidole vikinyanyuka.